Lugha ya Tano

Siku hizi kichwa kimoja kinaruhusiwa lugha nne. Ukitaka ya tano, kwenye kituo cha lugha wanakufutia moja kichwani. Mimi mkalimani nilitaka Kikorea, nikafutisha Kihaya, lugha ya nyumbani. Nilijiona mjanja: mama si anajua Kiswahili?

Kisha mama akapata kiharusi. Kiswahili chake kikapotea chote, kikabaki Kihaya.

Jumapili nilikwenda Bukoba kumwona. Alinishika mkono, akaongea, akalia, akaongea tena. Nilisikia jina langu mara tatu. Advera, binti anayemuuguza, alikuwa anatazama sakafu.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anashukuru umekuja, dada."

"Yote hayo ni shukrani tu?"

"Ndiyo, dada. Na anasema umekonda, ule vizuri."

Miaka kumi na minane nimekaa katikati ya wakubwa wanaotukanana, nikiwafikishia maneno yakiwa yameshapoa. Tafsiri iliyokatwa naijua. Na huruma inayoikata naijua pia.

"Mwambie nami nashukuru," nikasema.

Advera akamgeukia, akamwambia kwa upole, na akaendelea kumwambia kwa muda mrefu. Mama akaniachia mkono. Akatabasamu, akampapasa Advera shavu.