Gari Linalokunywa Likiwa Limelala

Wanyoike alikuwa amelala chali chini ya Landrova, suti ya kanisani mwilini, akinusa. Alinusa tangi, akanusa mipira ya mafuta, akanusa hata gurudumu la akiba. Hakuna harufu ya petroli. Alipotoka huko chini, mgongo wake ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria.

"Baba Njambi," mkewe Waithira alisema kutoka mlangoni, "hiyo kazi si ina mbwa wake?"

"Mbwa hanunui petroli," alijibu.

Wanyoike alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Eldoret, na Landrova ndefu ya kijani aliyoipenda kupita kiasi. Aliipenda mpaka akaacha kuiendesha. Siku za kazi aliiacha nyumbani kuokoa mafuta, akaenda dukani kwa miguu. Jumamosi tu ndiyo aliipeleka shambani kwake, kijiji cha Ziwa. "Mimi ni tajiri wa aina yangu," aliwaambia wateja akikwangua matope viatuni. "Nina gari la kutazama na miguu ya kutembelea."

Na bado, kila Jumamosi, alikuta mshale wa mafuta umeshuka.

Alinunua kifuniko cha tangi chenye kufuli, akawa analala na ufunguo wa kufuli hiyo mfukoni. Mshale ukashuka. Akamwita Kipkorir, fundi wa jua kali, naye akalikagua gari lote bila kupata tone.

"Haivuji, mzee," Kipkorir akasema. "Ni kubwa tu. Kubwa hula."

Jirani yao, mwalimu Ondiek, aliyesimamia maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, kwenye shule ya mtaa wao, alikuwa na Suzuki ndogo nyeupe. Wanyoike aliiita kibiriti. Ondiek alisema kibiriti chake hakinywi petroli, kinalamba tu. Wanyoike naye alishikilia kwamba injini ndogo hujiua ikipanda mlima, kwa hiyo mwishowe hula sawa na kubwa. Walibishana kwenye ua mpaka Waithira akachoka.

"Si mpime tu, wanaume?"

Wakapima. Jumapili baada ya ibada walijaza matangi yote mawili mpaka shingoni, wakapanda mlima hadi Kaptagat wakifuatana, wakarudi. Kwenye stesheni ya petroli, Wasike, mhudumu wa pampu, akayajaza tena huku watu wakizunguka kama wako kwenye mechi. Suzuki ilishiba mara moja. Landrova ikameza, ikaendelea kumeza. Wasike alibadilisha mkono, akaegemea gari, akapiga mwayo. Watu wakaangua kicheko. Wanyoike akacheka kuwashinda wote. Aliona kama ni lazima achekwe, basi na yeye apate fungu lake.

Lakini jambo moja lilimkera.

"Mwalimu," alimwambia Ondiek, "hata petroli ya Kaptagat haifikii ile ambayo Landrova hunywa nyumbani ikiwa imelala."

"Basi iamshe," Ondiek akasema.

Muda si muda Wanyoike aliiuza Landrova kwa mkulima wa ngano. Aliitazama ikipinda kona, akafuta macho, akasingizia vumbi. Jioni hiyo akafika nyumbani na Suzuki yake mwenyewe, tumbo limebanwa na usukani, magoti yakikaribia kidevu. Majirani walitoka nje kuona atakavyojichomoa.

"Njooni mnivute," akawaita. "Kumbe hainunuliwi, inavaliwa."

Waithira peke yake hakucheka. Alikuwa binti wa dereva wa trekta, amekulia kwenye shamba la mzungu, na hakuwa mtu wa kusifu gari ovyo. Aliizunguka, akachungulia nyuma, akapima kiti kwa kiganja.

"Mtu akiwa mgonjwa atalala wapi humu?"

"Hatalala. Atakunja magoti kama mimi."

Waithira akakipima kiti mara ya pili.

Jumamosi iliyofuata mshale wa Suzuki ulikuwa umeshuka. Iliyofuata tena, vilevile. Wanyoike alikaa kwenye usukani bila kuwasha gari. Ameuza kitu alichokipenda kwa sababu ya mshale, na mshale wenyewe umemfuata.

"Shida si gari," alimwambia mkewe jikoni, bila hata nguvu ya kufanya mzaha. "Ni mimi. Petroli inanikimbia."

Waithira alikuwa akikata mboga ya sukuma. Kisu kikasimama.

"Baba Njambi," akaanza. Akamtazama usoni, akageukia jiko. "Kunywa chai kwanza."

Jumatatu Wanyoike akakata shauri. Kama gari litakunywa, basi linywe akiwa ndani yake. Kwa mara ya kwanza akaenda nalo kazini, na mchana akapakia magunia ya chakula cha kuku kumpelekea mteja wa mtaa wa Huruma.

Hakufika kwa mteja. Kwenye kona ya kwanza wanawake wawili walikurupuka kutoka kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, wakasimama katikati ya barabara mikono ikiwa juu. Alipofunga breki, walikuwa tayari wamefungua mlango. Wakatupa magunia nje bila kumwomba ruhusa. Wakamwingiza Apiyo, msichana muuza samaki, tumbo limemtangulia, jasho likimtiririka, akiuma leso. Mama mmoja mzee akajipenyeza nyuma yake na beseni.

"Hospitali! Haraka!"

Wanyoike alishika usukani. "Mama, mimi... mimi sijawahi kubeba mtu wa namna hii."

Yule mama mzee akamkagua, kuanzia kofia mpaka tumbo, kama abiria aliyeletewa dereva asiyemjua.

"Endesha tu, mzee, tutakuonyesha njia," akasema. "Lakini leo Mama Njambi ameenda wapi? Yeye saa hii angeshafika."