Nywele Mbichi

Bi Saumu alikunywa chai ya mkaza mwana wake huku akimkazia macho. Kisima cha mtaa kilikuwa kimeingia chumvi na chai za majirani zilikuwa hazinyweki, lakini hii ilikuwa tamu. Na Mwatime, ambaye mumewe alikuwa safarini, alikuwa na nywele mbichi mchana kweupe, kama mke aliyetoka kulala na mumewe.

"Mwanangu hayupo," Bi Saumu alisema. "Umekoga janaba ya nani?"

Mwatime aliinama, akammiminia chai nyingine.

Kesho yake, maji yalipokupwa, Bi Saumu alimfuata kwa nyuma, akitafuta kumwona huyo mwanamume. Hakumwona. Alimwona Mwatime akiingia baharini na chupa iliyozibwa, akazama pale maji yalipokuwa yakitokota kama chungu kisicho na moto. Alipoibuka, alikuwa ameuziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba.

Bi Saumu akajitosa mpaka kiunoni, akamnyang'anya chupa, akanywa. Maji yalikuwa matamu, hayana chumvi.

"Yanatoka chini ya mchanga, mama. Ukiachia kidole mapema, yanaingia chumvi."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniamini?"

Bi Saumu alifunga kanga kifuani, akaiziba chupa ile ile kwa kidole gumba, akavuta pumzi, akazama nayo.

Adhuhuri walirudi mtaani pamoja. Barazani, majirani waliacha kusuka ukili wa mikeka, wakamtazama Bi Saumu, mjane wa miaka mingi, nywele mbichi zikimchuruzika maji chini ya ushungi. Chupa ilikuwa ndani ya kanga, na Bi Saumu hakuitoa kujitetea.