Zamu ya Kumsindikiza Ambakisye

Siku hizi kila aliyefungwa kwa kosa la ubakaji hutoka gerezani na bangili inayolia mtoto akimkaribia, na kanisa lake lazima limpe wasindikizaji wawili.

Kila Jumapili wanampitia Ambakisye nyumbani kwake. Wanakaa naye benchi la mbele, mmoja kulia, mwingine kushoto, wanamfungulia kitabu cha nyimbo. Akikohoa, analetewa maji. Namwonea wivu, nisiseme uongo. Binti yangu Atupele, aliyeumizwa na mtu huyo huyo, aliacha kwaya mwaka ule ule, na hakuna aliyewahi kumpitia.

Leo mzee wa kanisa kapiga hodi. Nikafuta mikono haraka, nikijua hatimaye wamemkumbuka.

"Bwana asifiwe, Mama Atupele. Mtambo wa kanisa umepanga zamu. Jumapili ijayo nyumba yako ndiyo itakayomsindikiza ndugu yetu."

"Na Atupele atasindikizwa lini?"

Akainamia viatu vyake. "Yeye hana bangili, mama."

Alipoondoka, Atupele alitoka chumbani, akaulaza mkono wake mtupu mezani.

"Mama," akaniuliza, "hizo bangili wanazitoa wapi?"