Modemu Iliyokataa Posa

"Mi njo ingenieri wa hii modemu!" Koko Gertrude aliwatangazia wageni waliojaa uani kwake, kambini Dzaleka, Malawi. "Kazi yangu ni kuipanguza vumbi na kufukuza kuku."

Wageni wakacheka. Simu yake mwenyewe haikuwa hata na laini. Mjukuu wake Raïssa alishaichukua laini hiyo. Simu ilibaki ya WhatsApp tu, hapo hapo nyumbani. Akifika sokoni nayo, Koko alisema, inakuwa kioo cha kutazamia meno.

Raïssa hakucheka. Jumapili mbili mfululizo wazee wa mpenzi wake Aristote walipiga video kutoka Australia kuleta posa, na mara zote mbili modemu ilikufa wakiwa bado kwenye salamu. Wakatuma neno: ikikatika tena, tutajua binti ametukataa.

Na sasa imekatika tena. Mjomba wa Aristote alibaki mdomo wazi kwenye simu ya Raïssa, kisha akapotea. Koko, aliyekuwa ndani akitafuta miwani, akatoka akitikisa kichwa.

"Shetani hapendi ndoa. Hata taa moja haiwaki."

Raïssa akampigia binamu yake Fabrice, fundi anayekaa Chinsapo, kule Lilongwe. Ni yeye aliyeifunga modemu ile, akaichomeka kwenye soketi yenye laini yake ya simu. Akituma ujumbe tu, soketi inakata umeme na kuurudisha, hata ikiwa imezimwa kwa kitufe, mtu asiguse kitu.

"Usilie, dada. Naiamusha sasa hivi. Nitamuuliza Koko kama imeamuka, yeye njo iko karibu nayo."

Raïssa akaibana simu kifuani, hakuthubutu kuitazama. Koko akarudi kukaa kizingitini.

Punde simu ya Koko ikalia mapajani. Kwa vile masikio yake yalikuwa mazito, akaifungulia sauti yote, kama kawaida yake.

"Jambo, Koko! Nimetuma. Modemu imewaka?"

"Jambo, mwanangu. Aa-a. Imekufa."

"Hakuna hata taa ya kijani?"

"Taa gani? Hii ni maiti. Labda tuitafutie sanduku."

Wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Raïssa akafunika uso kwa kitenge. Koko akampapasa mgongo.

"Nyamaza, mutoto yangu. Mungu njo amekataa. Na Australia mbali vile, nani angekuwa ananisuka nywele?"

Kule Lilongwe Fabrice akasema polepole, na ua mzima ukasikia.

"Koko, hii WhatsApp tunaongea mi na we sasa hivi, inapitia wapi?"

Koko akaitazama simu. Akawatazama wageni, kila mmoja na kiatu chake mkononi. Kisha akainuka na kwenda kufukuza kuku ambaye hakuwepo.