Hadi Mtoto Apatikane

Mbwa wa polisi alikuwa amelala chali kwenye ngazi, ameshiba ndi. Tangu msako uanze, kila mlango aliousogelea na pua yake ulifunguka kidogo, mkono ukatoka na kipande cha nyama. Watu wa jengo lile walikuwa na huruma kupita kiasi. Inspekta alimruka, akapanda juu.

Aliyepotea ni mtoto wa kiume wa miaka sita, mwana wa mama dobi wa ghorofa ya tatu. Alitoweka asubuhi ileile tingatinga lilipokuja kubomoa jengo ili pajengwe maegesho ya magari. Sheria ikaingia kati: palipo na uchunguzi wa polisi hapaguswi hata tofali. Inspekta mwenyewe ndiye aliyefunga utepe mlangoni. Mtoto akipatikana, utepe unatoka, tingatinga linaingia, na wapangaji wote wanabaki barabarani na magodoro yao. Hawakuwa na pengine pa kwenda.

Ndiyo maana Inspekta aliwavulia kofia. Wangeweza kukaa kimya wakaomba mtoto asionekane. Badala yake waligombania kutoa ushahidi.

"Mimi nilimwona stesheni, anapanda treni," alisema muuza mkaa.

"Kwani treni ilimfikisha wapi? Mimi nimemwona anavuka mpaka," alisema mkewe.

"Mimi juzi tu," alisema bibi wa ghorofa ya chini. "Kaota ndevu."

"Bibi, mtoto ana miaka sita."

"Dhiki inazeesha, mjukuu wangu."

Picha ya mtoto ilikuwa moja tu, na humo alikuwa kichanga aliyeviringishwa blanketi, macho kayafumba. "Amebadilika kidogo," alisema dobi, akaangua kilio. Inspekta naye ni mzazi. Kilio kile kilimkata maini. Akamwapia mama yule kwamba atamrudishia mwanawe, na tangu siku hiyo usingizi ukawa haumjii.

Alikuwa mtu wa adabu zake. Kila asubuhi alisimama uani na kipaza sauti, akatangaza vyumba atakavyopekua siku hiyo, asije akamkuta mtu hajavaa. Wapangaji walimshukuru, kisha kukawa na pilikapilika za kupishana ngazini na makapu makubwa ya nguo. Inspekta aliwasaidia kushika milango. Hata penye majonzi, nguo hazijifui zenyewe.

Dereva wa tingatinga hakukosa hata siku moja. Aliegesha ng'ambo ya barabara akauliza, "Vipi, kapatikana?"

"Bado, kaka yetu, ndiyo tunalia," walimjibu, na mmoja akampelekea chai.

Siku hiyo ilitangazwa ghorofa ya pili. Lakini Inspekta akiwa njiani, kifungo cha shati kilimruka tumboni, na haipendezi afande kuingia nyumba za watu kitovu nje. Akasita ghorofa ya kwanza, akagonga kwa fundi cherehani.

"Afande! Si umesema ghorofa ya pili?" Fundi alikuwa na pini mdomoni, nusura azimeze.

"Kifungo tu, fundi. Dakika moja."

Akavua koti, akafungua kabati alitundike.

Ndani, katikati ya suti za wateja, alikaa mtoto wa kiume wa kama miaka sita, anatafuna mkate.

Inspekta alichuchumaa mbele yake kwa furaha. "Wewe ni nani, mwanangu?"

Mtoto alitazama dari, kama anayesema shairi darasani. "Mimi siye."

"Siye nani?"

"Siye yule mnayemtafuta."

Fundi aliapa kwamba siku hizi hata hajui kabati lake lina nini. Inspekta hakumsikiliza. Alitoka ngazini akamwita dobi kwa sauti iliyofika barabarani, na jengo zima likamwagika nje ya milango. Ng'ambo kule, dereva wa tingatinga akawasha injini.

Dobi alishuka mbio, mikono imejaa povu. Akasimama mbele ya mtoto. Alimtazama, kisha akatazama dirishani kunakotoka mngurumo.

"Huyu siye," alisema.

"Mama, mtazame vizuri."

"Mimba niliibeba mwenyewe, afande. Siye."

"Siye!" majirani wakaitikia. "Hata kufanana hawafanani!"

"Yule wetu ana ndevu," alisema bibi.

Inspekta alitoa ile picha, akaiweka kando ya uso wa mtoto. Kweli, hawakufanana hata kidogo. Furaha yote ikamtoka, akabaki na aibu ya kumpa mama wa watu matumaini ya bure.

"Basi huyu ni mtoto wa kuokotwa," alisema. "Atakaa kituoni hadi wazazi wake wajitokeze. Na yule wetu tunaendelea kumtafuta. Jengo lisiguswe."

Injini ikazimwa. Watu wakashangilia, halafu wakakumbuka, wakarudi kulia.

Inspekta alimshika mtoto mkono akashuka naye. Mtoto alitembea wima, hakugeuka nyuma hata mara moja. Walikuwa wameshainama kupita chini ya utepe dobi alipowafikia, akamkamata Inspekta mkono wa shati.

"Afande, huyo mtoto wa watu," alisema. "Usiku mfunike mpaka shingoni, kifua chake hakipatani na baridi. Na halali mpaka ashike sikio la mtu."