Piano ya Kujaza Sebule

Ilipofika saa tano asubuhi, Zainab alikuwa amekwisha kupima piano sita kwa utepe wake wa cherehani, na hajabonyeza hata moja akasikia sauti yake. Tom, mzee wa Kiingereza mwenye ghala la piano kuukuu huko Barking, alimfuata nyuma na kitambaa cha vumbi mkononi, asimwelewe.

Akamwonyesha piano ndogo ya kusimama, yenye mbao za rangi ya asali. Akamweleza kwamba hizo ndizo wanunuazo watu wenye nyumba ndogo, maana mtu huisukuma ukutani akaendelea na mambo yake.

"Na sakafu?" akauliza Zainab.

"Sakafu unabaki nayo karibu yote, bibi. Utapita bila taabu."

"Basi hainifai," akasema Zainab, akaukunja utepe wake.

Ukweli ni kwamba Zainab hakuwa na shida ya muziki. Shida yake ilikuwa sebule. Tangu yeye na mumewe Firoz walipoondoka Unguja, baada ya mapinduzi, wakapata fleti ya chumba kimoja na sebule huko Stratford, anwani yao ilienea pwani nzima upesi kuliko habari ya msiba. Kila aliyeshuka Heathrow alikuwa nayo mfukoni. Aliyekuja kwa wiki mbili alikaa miezi mitano. Walikuja mabinamu, wakaja marafiki wa mabinamu, na akaja bwana mmoja ambaye mpaka anaondoka hawakupata kujua ni wa upande wa nani. Wote walitandikiwa godoro sebuleni. Kwa miaka minane Zainab hakuwahi kukaa kwenye sebule yake mwenyewe bila mtandio kichwani, na binti yake Nasim alifanyia kazi za shule jikoni, daftari juu ya pipa la mchele. Alikuwa amechoka, tena amechoka hasa.

Kumfukuza mgeni, hapana, hilo hata yeye hakuthubutu kuliwaza kwa sauti. Lakini nani atamlaumu mtu kwa kukosa nafasi? Mwalimu wa Nasim alipoleta barua kwamba mtoto ana kipaji cha muziki, Zainab aliisoma mara tatu, akamshukuru Mungu kwa sababu zake mwenyewe.

Mwisho kabisa wa ghala, chini ya turubai, akaikuta. Ilikuwa piano kubwa ya ukumbini, nyeusi, ndefu kupita futi saba, na ubavu wake umetanuka kwelikweli. Tom akamsihi aiache. Alisema ile haifai nyumba ya watu, kwamba itakula chumba kizima, na kwamba ndiyo maana anaiuza kwa bei ya kutupa na bado haina mnunuzi.

Zainab akaipima mara mbili. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

Wanaume watano waliipandisha mpaka ghorofa ya pili, imelazwa ubavu na kung'olewa miguu, huku Firoz amesimama ngazini akiwaomba radhi majirani. Kochi lilikwisha kuuzwa, na meza pia. Miguu ilipofungwa tena na piano ikakaa sawa, kati yake na ukuta ilibaki njia ya mtu mmoja, tena apite kiubavuubavu. Firoz akauliza ndugu watasema nini. Zainab akamjibu kwamba watasema mtoto anasoma muziki.

Alasiri ile alikaa kwenye kiti cha piano, kichwa wazi, nywele zimeachiwa mgongoni, akanywa chai yake taratibu. Machozi yalimtoka kwa raha. Kisha akaandika barua tatu, moja ya Unguja, moja ya Dar es Salaam na moja ya Mombasa, na zote zilijaa huzuni kubwa.

Mwezi ukapita bila mgeni. Wa pili nao ukawa unakwisha, ndipo akatokea Gulamu, binamu yake Firoz, kutoka Mombasa, na sanduku moja mkononi. Barua aliiona, alisema, ila alidhani Zainab anatia chumvi.

Zainab akampokea kwa chai na kachori, hakupunguza kitu. Aliposhiba, akampeleka mlangoni mwa sebule ajionee mwenyewe.

"Waona, shemeji," akasema, sauti imejaa masikitiko. "Roho yapenda, lakini hapana pahala pa kulaza hata mto."

Gulamu akatazama. Akajaribu kupita kiubavu, tumbo likakataa. Firoz akainamisha uso kwa aibu. Zainab alikuwa keshaulizia chumba cha kupanga karibu na msikiti, akamtajia mtaa na jina la mwenye nyumba, na moyoni tayari alikuwa amevua mtandio.

Gulamu akachuchumaa polepole, akaingiza kichwa chini ya piano, kisha mabega, kisha akapotea mzimamzima. Walimsikia akigonga mbao za juu na kupima sakafu kwa mikono.

Alipotoka, vumbi lilikuwa limemjaa usoni na macho yamemlowa.

"Mungu akulipe, shemeji," akasema. "Mke wangu nilimwacha Mombasa na watoto, maana mwanamke hawezi kulala sebuleni mbele za watu. Lakini hapa tukitundika shuka pande zote, ni chumba kamili, na dari yake, na stara yake. Firoz, niazime kalamu nimwandikie waje."