Zamu ya Agripina

"Mashine imekupa sifuri, Agripina. Uliiongelesha Kinyaturu!" Mwalimu wa Kiingereza alifoka. "Kinyaturu hapa marufuku. Fungasha, urudi kwenu."

Tangu kompyuta ya mazoezi ya kuongea iletwe shuleni kwetu Mandewa, tulihisi inatuchongea. Kumbe kweli.

"Samahani, Mwalimu. Sauti si zinabaki humo? Naomba wote tusikilize," Agripina akasema.

"Una kiburi wewe!" Akabonyeza kitufe cha kusikiliza.

Tukamsikia Agripina akisalimia kwa Kiingereza. Halafu, karibu naye, Mwalimu mwenyewe akiongea na simu kwa Kinyaturu kitamu, akimkumbusha mkewe apike mlenda.

Kidole cha Mwalimu kilibaki kimekandamiza kitufe, ukucha umekuwa mweupe.

"Sasa, Mwalimu," mtu akauliza kutoka nyuma, "anafungasha nani?"